Maji Yaliyopanda Mlima

Maji hayapandi mlima. Maneno hayo tumeyasikia tangu utotoni, na aghalabu mtu huyatoa pale anapotaka kumkatisha mwenzake tamaa. Mimi nilikulia mahali ambapo maji yalipanda mlima usiku na mchana, bila injini, bila umeme, bila punda wala mtu wa kuyabeba, na mpaka nilipokwenda shule sikujua kwamba jambo hilo lilikuwa la ajabu.

Kwetu ni kwenye mteremko wa Mlima Meru, mkoani Arusha. Kijito kinapita chini kabisa ya korongo, na malisho yako juu, kwenye uwanda ulioinuka. Ukisimama ukingoni unayasikia maji, lakini kuyafikia ni mpaka ushuke kwa njia ya kona kona yenye mawe yanayoteleza, na ng'ombe mwenye mimba haipiti njia ile salama. Malisho yenyewe yaliwahi kuwa ya mlowezi mmoja. Ndiye aliyeteremsha korongoni, kabla mimi sijazaliwa, chombo cha chuma kizito chenye umbo la mtungi uliosimamishwa juu ya bomba, akakifunga kwenye msingi wa saruji. Alipoondoka, malisho, birika la kunyweshea na kile chombo vikabaki kwa wanakijiji. Baba yangu, aliyekuwa mtunzaji wa chombo tangu siku za mlowezi, akaendelea kukitunza.

Mafundi wa maji hukiita haidramu. Sisi nyumbani tulikiita kwa jina la mlio wake tu, maana kilikuwa kikigonga: to, to, to, mara arobaini na kitu kwa dakika, mchana kutwa na usiku kucha. Nimepiga hesabu: mapigo 40 kwa dakika ni mapigo 57,600 kwa siku. Tulilala kwa mlio huo. Baba alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikimchekesha mama: hakuamka kwa kelele, aliamka kwa ukimya. Jani likiziba bomba, au washa ya ngozi ikichakaa na mlio ukakatika, mzee alikuwa amekwisha kuinuka kitandani na kuchukua taa ya chemli.

Watu wa nchi zetu si wageni katika kuyaongoza maji. Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo yao zamani kabla Wajerumani hawajafika, wakiyatoa maji kwenye mito ya juu na kuyazungusha kando ya mlima mpaka kwenye migomba. Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ipo mifereji na matuta ya mawe ya watu waliolima kwa umwagiliaji na kisha wakahama, yapata karne tatu zilizopita. Lakini kazi zote hizo, pamoja na ustadi wake, ni kazi za kuyabembeleza maji yateremke polepole. Pale ambapo maji yako chini na mnyama yuko juu, kilichobaki kilikuwa mkono wa mtu. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana visima virefu ambamo vijana husimama kwa ngazi, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana vyombo vya maji kutoka chini hadi kwenye birika huku wakiimba ili mikono isipotezane. Ng'ombe huko huijua sauti ya wenye kisima chao. Ni jambo zuri kulitazama, na ni kazi ya kuvunja mgongo.

Basi ilikuwaje maji yakajibeba yenyewe?

Habari hii inaanzia jikoni. Mwaka 1772, huko Oulton katika jimbo la Cheshire, Uingereza, fundi wa saa aitwaye John Whitehurst alikuwa na bomba refu lililoleta maji kwenye nyumba moja kubwa kutoka chanzo kilichokuwa juu zaidi. Kila mtu aliyewahi kufunga koki kwa haraka kwenye bomba refu anajua kinachotokea: bomba hupiga kishindo, na hata hutikisika. Wengi wetu tukisikia kishindo hicho tunaogopa bomba litapasuka. Whitehurst, kwa kuwa alikuwa mtu wa magurudumu na vipimo, alijiuliza nguvu ile inakwenda wapi. Akaliunganisha bomba na tawi lenye vali ya kwenda upande mmoja, na mbele ya vali akaweka chombo kilichojaa hewa. Kila koki ya jikoni ilipofunguliwa na kufungwa, kishindo kilisukuma maji kidogo kupita vali ile, nayo hewa iliyogandamizwa ikayapandisha hadi kwenye tangi la juu, kwa matumizi ya mahali pa kutengenezea bia. Mwaka 1775 habari za kazi hiyo zilichapishwa na Royal Society ya London. Watumishi wa jikoni, waliokuwa wakichota maji ya kupikia tu, walikuwa wakipandisha maji bila wenyewe kukusudia. Sijui kama kuna aliyewaambia.

Upungufu wa chombo cha Whitehurst ulikuwa huo huo: kilihitaji mkono wa mtu kwenye koki. Mtu aliyeuondoa mkono huo ni Mfaransa, Joseph-Michel Montgolfier, mwenye kiwanda cha karatasi. Jina hilo wasomaji wengi wamelisikia kwa sababu nyingine. Yeye na ndugu yake Étienne ndio waliorusha puto la hewa moto mwaka 1783, na mwezi Septemba mwaka huo, huko Versailles, puto lao likabeba angani kondoo, bata na jogoo. Miaka 13 baadaye, mwaka 1796, Joseph alitaka kupandisha maji katika kiwanda chake huko Voiron. Akaibadili koki kuwa vali nzito inayofungwa na mwendo wa maji yenyewe, na kufunguka yenyewe kwa uzito wake mara kishindo kinapokwisha. Akakipa chombo jina la kondoo dume, kwa jinsi kinavyopiga kichwa. Mwaka uliofuata rafiki yake Matthew Boulton, yule mshirika wa James Watt wa mashine za mvuke, akamchukulia hataza nchini Uingereza. Wanawe wakaendeleza kazi na kupata hataza nyingine mwaka 1816, na mwaka 1820 mhandisi Josiah Easton akainunua. Kutoka hapo chombo kikaenea katika mashamba ya Uingereza ya karne ya 19, na walowezi wa Kiingereza wakakichukua kwenda nacho walikokwenda. Hivyo ndivyo kilivyofika, kwa njia ndefu, chini ya korongo letu.

Namna kinavyofanya kazi nilielezwa na baba kabla sijakutana na kitabu chochote, na mpaka leo sijasoma maelezo yaliyoyazidi yake. Alisema hivi. Fikiria ng'ombe mia wanaokimbia kuingia zizini, wamebanana kwenye njia nyembamba. Ghafla mtu anafunga mlango. Wa mbele wamesimama lakini wa nyuma bado wanasukuma. Wale walio karibu na mlango hawana pa kwenda, na ua hauko juu sana. Watano au sita wataruka ua, ingawa ng'ombe si mnyama wa kuruka. Wengine wanarudi nyuma kidogo, mlango unafunguka, wanatoka nje kwenda zao, na kundi jingine linakuja mbio. Ua ni ule mlima. Walioruka ndio maji ya birika. Waliotoka kwa mlangoni ni maji yanayorudi kijitoni.

Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo niliyoipuuza nilipokuwa kijana, na ndiyo iliyonifanya niandike kurasa hizi.

Mwaka 1971 serikali yetu ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. Ilikuwa nia njema kabisa na mimi nilikuwa mmoja wa vijana waliofundishwa kwa ajili yake. Nilijifunza kupima, kuchora, kufunga injini za dizeli na kuandika ripoti. Mwaka 1974, wakati watu wengi walipohamishiwa vijijini na kijiji chetu kikaongezeka ghafla, nilitumwa nyumbani kwetu kwenda kupima chanzo cha maji. Nilijisikia mtu mkubwa.

Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, na nitavitoa hapa. Maji yalianguka mita 3 kutoka kwenye kisima cha kuanzia mpaka kwenye chombo, na birika lilikuwa mita 30 juu ya chombo. Chombo kilikunywa lita 60 kwa dakika. Kama kusingekuwa na kinachopotea, sehemu moja kati ya kumi ingepanda, yaani lita 6. Lakini kwa msuguano na mengineyo zilizopanda zilikuwa kama lita 3 na nusu. Kwa saa 24 hizo ni zaidi ya lita 5,000. Ng'ombe wetu wa kienyeji akinywa lita 30 kwa siku ya jua, hayo ni maji ya ng'ombe zaidi ya 160. Hayakuwa machache. Lakini kalamu yangu haikuandika hivyo. Iliandika kwamba katika kila lita 100 zinazoingia kwenye chombo, lita 94 zinamwagika, na kwamba chombo kimepitwa na wakati.

Baba alinisindikiza hadi ukingoni siku ile. Aliniuliza, "Mwanangu, hayo maji unayosema yanapotea, yanakwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba yanarudi kijitoni.

"Na kijitoni yanakwenda kwa nani?"

Nilijua yanakwenda kwa nani. Yanakwenda kwa watu wa chini yetu, wenye mashamba ya mahindi na mifugo yao. Nilimwambia, "Baba, haya ni mambo ya kitaalamu." Hakuniuliza tena, wala siku ile wala baadaye. Neno lile limenikaa kuliko makosa makubwa zaidi niliyowahi kuyafanya.

Sitaki kujionea kupita haki. Kijiji kilikuwa kimeongezeka. Watu nao walihitaji maji, si ng'ombe peke yao. Injini ya dizeli ilipandisha kwa saa tatu maji ambayo haidramu iliyapandisha kwa siku nzima. Kuleta injini hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kuamuru haidramu iondolewe. Mwili wake ulikuwa mzito na umeshikana na saruji, tukauacha. Bomba la kuendeshea, chuma kinene cha inchi mbili, tuling'oa na kulipakia kwenye lori kwenda kutumika kwingine. Kwa miaka mitano kila mtu alinisifu, na kwa hakika maji yalikuwa mengi.

Kisha ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka huo huo wa 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa: foleni za petroli, vipuri visivyopatikana, magari binafsi kukatazwa kutembea Jumapili alasiri. Dizeli ya kijiji ilikuja mara moja kwa mwezi, halafu mara moja kwa miezi mitatu, halafu ikawa ni barua. Mwaka 1981 pete za pistoni zilikatika na hapakuwa na nyingine. Nyumba ya injini ikafungwa kufuli, kuku wakataga mlangoni. Si kwetu tu. Miradi ya dizeli ilisimama hivyo hivyo katika sehemu nyingi za nchi, na mwaka 1991 ulipofika, ule mwaka wa kila mtu kuwa na maji, mamilioni walikuwa bado wanachota mitoni.

Mapema mwaka 1984, katika ule ukame wa Afrika Mashariki ambao wengi wanaukumbuka, nilirudi nyumbani kwa likizo. Ng'ombe walikuwa wakiteremshwa korongoni kila siku ya pili. Ndama hawakuweza kurudi juu bila kubebwa. Katika wiki ile moja niliona ng'ombe wawili wakivunjika miguu kwenye ile njia ya mawe, na mmoja wao alikuwa wa dada yangu, mjane, mwenye ng'ombe watatu tu. Tulimchinja pale pale. Hakuna aliyenitupia neno. Lakini mimi nilikuwa naujua mlio uliokuwa ukikosekana, na nilijua ni nani aliyeunyamazisha.

Jioni baba aliingia chumbani kwake akatoka na gunia lenye grisi. Ndani yake zilikuwamo vali mbili za haidramu, fimbo yake na nati zake zote, safi kama zimetoka dukani. Alikuwa amezifungua mwaka 1974, usiku wa kuamkia siku ya kung'oa bomba, akaziweka chini ya kitanda kwa miaka kumi. Alisema tu kwamba washa zimekauka.

Tatizo lilikuwa bomba. Nilitaka kutumia bomba la plastiki kwa kuwa ndilo lililopatikana, na baba hakupinga, akaniacha nijaribu. Chombo kiligonga kwa ulegevu mara tatu, kikafa. Hapo ndipo nilipoielewa sawasawa ile habari ya zizi. Njia ya ng'ombe ikiwa na kuta za kamba, ukifunga mlango ng'ombe watapanuka pembeni na hakuna atakayeruka. Plastiki hutanuka na kukimeza kishindo. Chuma hukataa, na kukataa kwake ndiko kunakoyapandisha maji. Basi tukakata mabomba matatu ya chuma, ya mita 6 kila moja, kutoka kwenye njia ya injini iliyokufa, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeichora. Washa tulizikata kwenye tairi kuukuu la lori. Kitundu kidogo cha kuvuta hewa, ambacho huzuia mtungi usijae maji, kilikuwa kimeziba kwa kutu. Nikakizibua kwa msumari. Kitundu hicho mabwana wengi hukidhania ni tundu la kutu na kukiziba kwa lami, halafu hushangaa kwa nini chombo kinapasuka baada ya wiki mbili. Hewa ya mtungini huyeyuka ndani ya maji na kwenda nayo, na isiporudishwa hakuna cha kupokea pigo.

Haidramu haianzi yenyewe. Lazima vali ya kumwagia ikandamizwe kwa mguu au mkono, mara ishirini, pengine thelathini, mpaka maji kwenye bomba la kupanda yapate uzito wa kusukuma nyuma. Baba alivua kiatu na kukandamiza kwa unyayo, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilihesabu mpaka ishirini na sita. Alipoinua mguu, vali ikaendelea peke yake. Maji yalifika birikani baada ya muda ambao sikuupima, na watoto waliokuwa wamekaa juu ukingoni ndio waliotupigia kelele.

Mwezi Mei mwaka huo huo, kuanzia tarehe 29, wataalamu kutoka nchi kadhaa walikutana mjini Arusha kwa siku nne kuzungumzia haidramu na namna ya kuitengeneza humu humu barani. Mimi sikuwa mtu wa kualikwa. Nilisikia habari zake kazini, nikanyamaza. Tangu hapo watu wamekifufua chombo hiki mahali pengi. Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kilishughulika na haidramu za bei nafuu, na huko Ufilipino, kisiwani Negros, shirika lisilo la kiserikali lilifunga nyingi sana kwa ajili ya vijiji vya milimani, likapewa tuzo ya Ashden mwaka 2007.

Baba alifariki haidramu ikigonga. Nilistaafu nikarithi spana zake, na nimekuwa mtunzaji kwa miaka mingi sasa kuliko niliyokaa ofisini. Wajukuu wangu wananiambia pampu ya jua siku hizi ni rahisi, na wanasema kweli. Nimeziona, ni vyombo vizuri, nami sitarudia kosa la kukidharau chombo kwa sababu si cha rika langu. Nimewaambia walete, lakini bomba la chuma lisiguswe.

Shida yetu ya sasa ni nyingine. Juu yetu watu wameongezeka, wanamwagilia nyanya na vitunguu kwa mabomba, na mwezi wa Januari kijito hubaki uzi. Haidramu inataka maji ya kumwaga. Yasipokuwapo ya kumwaga hayapandi hata kidogo. Tumekaa vikao viwili na watu wa juu kuhusu zamu za usiku. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa matusi. Cha pili mzee mmoja wa kwao aliuliza maji tunayoyamwaga sisi yanakwenda wapi, nikamjibu, na safari hii nilijibu mpaka mwisho. Walikubali siku mbili kwa wiki.

Kwa siku nyingine tano chombo kimenyamaza. Nimezifungua vali, nimezipaka grisi, ziko chini ya kitanda changu ndani ya gunia, tunangoja masika.